Moto kichaa kwenye misitu ya serikali: maswali yanayoulizwa sana kiangazi kikifika

Haya maswali yanarudi kila mwaka majani yakianza kukauka, kwenye mikutano ya kijiji, kwenye magrupu ya watsap ya wakulima wa miti, hata kwenye daladala mtu akiona moshi mlimani. Mimi ni mkulima wa miti huku Nyanda za Juu Kusini na ninapakana na msitu wa serikali, kwahiyo mengi najibu kwa upande wa jirani wa msitu, sio wa mtu wa ofisini. Soma lile linalokuhusu, ila lile la kuchoma mapema na lile la usalama nakuomba usiyaruke.

Msimu wa moto ni lini hasa?

Sehemu kubwa ya Tanzania bara ni kuanzia Juni mpaka mvua zinaponyesha tena Novemba au Desemba, na kilele ni Septemba na Oktoba. Huku kwetu Mufindi, Njombe, Makete mvua zinakata Mei, alafu inakuja baridi ya Juni na Julai, ile inayogandisha umande asubuhi, na watu wengi wanadhani kipindi cha baridi ni salama kumbe baridi ndo inayoyaua majani na kuyakausha. Agosti upepo unaanza, Septemba jua linawaka, na kila kilichoota wakati wa mvua kimeshageuka kuni. Kwahiyo mwaka wenye mvua nyingi nao una hatari yake sababu majani yanakuwa marefu na mengi, na yakikauka moto unakuwa mkubwa kuliko mwaka wa majani mafupi.

Kule kaskazini wana vipindi viwili vya ukavu, Januari mpaka mvua za masika, na tena Julai mpaka Oktoba. Wenzetu wa Kenya mioto mikubwa ya Mlima Kenya na Aberdare mara nyingi inatokea Februari na Machi, kama ule wa Mlima Kenya wa Machi 2012, kwahiyo usishangae ukisikia wao wanazima moto wakati sisi huku tunapalilia mahindi.

Nani anawasha hii mioto? Sio radi au jua kali?

Ni watu. Radi inakuja na mvua, na wakati wa mvua majani ni mabichi. Jua peke yake haliwashi nyasi. Ukiondoa visa vichache sana, kila moto wa Septemba unaouona mlimani una mkono wa mtu, na hili lazima tulikubali kwanza kabla ya kuongea lingine lolote.

Sababu zenyewe zinajulikana. Kuandaa shamba ndo kubwa, mtu anachoma mabua na magugu saa sita mchana upepo unavuma, moto unamshinda, unaingia msituni, yeye anakimbia. Mfugaji anachoma ili yachipue majani laini ya ng'ombe. Mwindaji anachoma ili wanyama watoke au aone mbali, na wanaotafuta panya nao wapo. Mrina asali anapanda na kienge cha majani, akimaliza anakitupa chini. Mchoma mkaa anaacha tanuri lake linapumua pembeni ya majani makavu. Kuna watoto wanaochunga. Kuna wapita njia wanaochoma ili njia iwe nyeupe waone nyoka, na kuna sehemu wazee walikuwa wanaamini kwamba moto uliouwasha ukienda mbali na maisha yako yatakuwa marefu.

Alafu kuna kisasi, na hichi hakizungumzwi vya kutosha. Mtu amenyimwa kibarua, amefukuzwa kwenye eneo alilokuwa analima ndani ya mpaka, ng'ombe wake wamekamatwa na faini juu, au anaona msitu upo pale na kijiji hakipati chochote. Kiberiti ni rahisi sana na hakuna anayemuona. Ndo maana mimi siamini kabisa kwamba moto unazuiwa na doria peke yake, kama jirani wa msitu hana faida yoyote na ule msitu basi hata ukiweka walinzi mia moja utaungua.

Msitu wa serikali ni upi, na nani anahusika kuuzima?

Hapa watu wanachanganya sana. Tanzania bara ina misitu ya kama hekta milioni 48.1 kwa tathmini ya kitaifa ya NAFORMA, yaani zaidi ya nusu ya ardhi yote, na sehemu kubwa sana ni miombo, ile misitu ya ukanda mkavu inayopukutisha majani kiangazi. Lakini sio yote iko chini ya ofisi moja. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu, mashamba ya miti ya serikali kama Sao Hill, na hifadhi za mazingira asilia kama Uluguru, Amani, Magamba, Rungwe, iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Hifadhi za taifa kama Kilimanjaro na Udzungwa ni za TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Kuna misitu ya halmashauri ambayo kusema ukweli ndo yatima zaidi, sababu halmashauri nyingi zina afisa misitu mmoja au wawili na gari hakuna. Alafu kuna misitu ya vijiji, iliyo chini ya kamati ya maliasili ya kijiji.

Moto wenyewe hausomi mbao za mpaka. Unaanzia shamba la mtu, unapita msitu wa kijiji, unaingia wa serikali, unatokea kwenye miti ya mkulima mwingine, na kila mmoja anasubiri mwenzie. Kwahiyo swali la nani anahusika jibu lake halisi ni aliye karibu, kisha mwenye msitu, kisha wilaya.

Kama moto ni mbaya mbona TFS na kamati za vijiji wenyewe wanachoma msitu mwezi wa sita?

Hili ndo swali linaloulizwa kwa hasira kuliko yote, mtu anasema sisi tukichoma tunakamatwa wao wakichoma ni utaalamu. Nalijibu kwa kirefu.

Moto wa Juni na moto wa Oktoba ni vitu viwili tofauti japo vyote vinawaka. Mwezi wa tano mwishoni na wa sita majani yamekauka juu lakini chini bado yana unyevu, usiku kuna umande, moto ukiwashwa asubuhi mapema au jioni unatambaa chini chini, unakula sehemu, unaacha sehemu, jua likizama unakufa wenyewe. Mti mkubwa hauguswi na wadudu na ndege wanapata pa kukimbilia. Moto wa Septemba au Oktoba unakuta kila kitu kikavu mpaka mzizi, upepo upo, miombo imeanza kutoa majani mapya mekundu yale laini, na hapo ndo unaua miche, unapasua magome, unapanda juu ya miti.

Lengo la kuchoma mapema ni kula yale majani kwa mafungu ili moto wa Oktoba ukija ukute hakuna cha kula, au ukute mabaka mabaka hauwezi kuvuka. Hii sio nadharia ya juzi. Huko Ndola, Zambia, tangu miaka ya 1930 walitenga vipande vya miombo, kimoja wakawa wanakichoma mapema kila mwaka, kingine wanachoma mwishoni mwa kiangazi, kingine hawachomi kabisa. Kile cha moto wa mwishoni kiligeuka kuwa nyasi zenye miti ya kuhesabu. Cha moto wa mapema kilibaki msitu. Kisichochomwa kilifunga kikawa kichaka kinene. Na hapa nchini, Kilwa, vijiji vyenye misitu ya mpingo vimekuwa vikichoma mapema kwa mpango, kamati ya kijiji inakaa na ramani, inaamua kipande gani mwaka huu na kipi kiachwe.

Ila tusichanganye, hii ni ya miombo na mbuga za nyasi. Msitu wa mlimani wa mvua, ule wenye ukungu, Uluguru juu, Udzungwa, Rungwe, Shengena kule Upare, hautakiwi moto wowote wa mwezi wowote. Miti yake haijazoea moto, gome jembamba, mbegu zinakufa. Vivyo hivyo shamba la misindano, ndani hauchomi, unachoma pembeni kwenye mkanda wa kuzuia moto tu na kwa uangalizi.

Na bado hata kuchoma mapema kunaharibiwa na kuchelewa. Fedha ya kazi ikitoka Agosti wakati kazi ilitakiwa Juni, huo sio uchomaji wa mapema tena, huo ni moto kichaa wenye kibali.

Nataka kuchoma shamba langu linalopakana na msitu. Nifanyeje?

Kwanza jiulize kama lazima uchome. Mabua ukiyalaza yanaoza na kurudisha rutuba, na jirani zangu wengi waliacha kuchoma wala mahindi yao hayajapungua.

Kama lazima, anzia ofisi ya kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haikuruhusu kuchoma mimea ovyo ovyo, inataka ruhusa na inataka majirani wajulishwe kabla, na vijiji vingi vimeongeza sheria ndogo zao ikiwemo miezi ambayo kuchoma ni marufuku kabisa. Mwenyekiti au mtendaji atakuambia utaratibu wa kwenu. Ukishapata ruhusa, lima au fyeka mkanda kuzunguka shamba lote mpaka udongo uonekane, sio kufyeka tu na kuacha majani yamelala pale pale, hayo ndo daraja la moto. Kusanya mabua katikati, mbali na mkanda. Choma asubuhi sana au jioni kuanzia saa kumi na moja, siku isiyo na upepo, anza upande ule upepo unakoelekea ili moto uwe unarudi nyuma dhidi ya upepo polepole. Uwe na watu, usiwe peke yako, na kila mtu awe na tawi bichi au koleo, na maji yawepo. Alafu usiondoke. Wengi wanaondoka wakiona moshi umepungua, upepo wa saa saba kesho yake unafufua kisiki na hapo hujui hata umeanzia wapi.

Barabara za moto zinasaidia kweli? Naona moto unaruka.

Barabara ya moto ni ule mkanda uliosafishwa majani ili moto usivuke. Zinasaidia zikiwa safi. Barabara ya moto iliyolimwa Mei ikaachwa mpaka Septemba imeshaota, na kipande kimoja chenye majani kinatosha kupitisha moto. Upana unategemea kilichopo pembeni, majani mafupi mkanda mwembamba unatosha, ila kwenye misindano mikubwa au mlimani vijinga vinarushwa na upepo vinavuka hata barabara ya gari. Kwa mkulima mdogo mimi nasema isipungue mita 10 kuzunguka shamba, na mkiwa majirani wenye vishamba vya ekari mbili tatu mkae mzungushe mkanda mmoja kwa wote badala ya kila mtu kujizungushia chake chembamba, inapunguza kazi sana.

Na mkanda kazi yake sio tu kusimamisha moto. Ni mahali pa watu kusimama na kupigana, ni njia ya boza kuingia, na ni mahali pa kukimbilia. Shamba lisilo na barabara ndani likiwaka hakuna wa kuingia. Pogolea pia miti yako matawi ya chini, uyatoe shambani, moto wa chini usipate ngazi ya kupandia juu. Programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyoanza 2014 kwa msaada wa Ufini, ilifundisha sana haya mambo Njombe, Iringa na Ruvuma, na vikundi vilivyoyashika mpaka leo unaviona kwa macho, mashamba yao yana mikanda.

Moto wa Kilimanjaro wa 2020 ulikuwaje mpaka ukawaka zaidi ya wiki?

Oktoba 11, 2020 moto ulianza eneo la Whona, pale wapanda mlima wanapopumzika kati ya kambi za Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu. Taarifa za awali za TANAPA zilisema huenda ulitokana na mpagazi aliyekuwa anapasha chakula cha wageni. Watu kama 500 walipanda kuuzima, askari wa hifadhi, wanakijiji, na wanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, na bado uliwaka siku nyingi na kula karibu kilomita za mraba 95, kama asilimia 5 ya hifadhi. Oktoba 2022 ukaja mwingine, usiku wa tarehe 21, jirani na kambi ya Karanga upande wa kusini, karibu mita 4,000 juu.

Kwanini ni mgumu kule? Kule juu hakuna barabara, hakuna gari, maji unayabeba au huna. Hewa nyepesi, mtu anayepiga moto anachoka baada ya dakika chache. Baridi usiku inakaribia kugandisha na wewe umelowa jasho. Mimea ya kule, ile miti na vichaka vya erika, ina mafuta mafuta na inawaka hata ikiwa mbichi. Na udongo wenyewe ni majani yaliyooza nusu miaka na miaka, moto unaingia chini, unatembea kwenye mizizi usiuone, unatokea mita ishirini nyuma yako kesho kutwa. Hiyo ya chini ndo inayofanya mtu atangaze umezimwa alafu ukarudi.

Moto wa mlimani unahusiana vipi na maji ya bombani kwetu?

Unahusiana moja kwa moja, na kwangu hii ndo sababu kubwa ya kujali kuliko hata mbao.

Watu wanapenda kulia juu ya barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kuyeyuka. Mtafiti Andreas Hemp, aliyefanya kazi Kilimanjaro kwa miaka mingi sana, alionyesha kwamba kwa upande wa maji, misitu iliyoungua ni hasara kubwa kuliko barafu. Misitu ya erika ile ya juu ilikuwa kilomita za mraba 187 mwaka 1976, kufika mwaka 2000 ilibaki 32. Hii miti inakamata ukungu, matone yananasa kwenye matawi na ndevu za kuvu zinazoning'inia, yanadondoka chini yanaingia ardhini, hata siku ambayo mvua haijanyesha. Ikiungua inabaki vichaka vifupi, ukungu unapita tu. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, mwaka 2016 lilisema hekta 13,000 za msitu zilizoungua Kilimanjaro tangu 1976 ni sawa na kupoteza maji ya kunywa ya mwaka mzima ya watu milioni moja. Milioni moja, ndugu zangu.

Kwa aliyeko Dar hii sio habari ya Wachaga. Maji mengi ya Dar yanatoka mto Ruvu, na Ruvu inakusanya maji kutoka Uluguru. Ukipita Morogoro kiangazi ukaona mstari wa moto usiku pale juu ya mji, jua kwamba kinachoungua ni bomba lako.

Kwanini serikali isilete ndege za kumwaga maji kama Ulaya na Marekani?

Ndege inasaidia, sikatai, hasa sehemu kama Kilimanjaro. Lakini ndege haimalizi moto. Inapunguza makali ili watu waingie, na watu ndo wanaomaliza kwa mikono, hata huko Marekani na Ureno wenye ndege nyingi bado kuna vikosi vya chini vyenye majembe. Inataka rubani aliyefunzwa, uwanja, mafuta, bwawa la kuchotea maji, na ikipiga mara moja ikarudi baada ya saa moja moto umeshasogea. Kwa pesa ya ndege moja ungelipa vibarua wa kusafisha barabara za moto mikoa kadhaa, ungenunua pikipiki za kamati za vijiji, redio za mawasiliano, minara ya kuangalia moto. Mimi ningeanza na hivyo. Moto unaogundulika ukiwa wa ukubwa wa nyumba unazimwa na watu kumi na matawi.

Nimeona moshi. Nipige wapi?

Kama nyumba au watu wako hatarini piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ni bure, ila jua magari yao yako mjini na msituni hayafiki haraka. Kwahiyo namba unayotakiwa kuwa nayo kwenye simu kabla ya kiangazi ni ya mtendaji wa kijiji, ya mwenyekiti wa kamati ya maliasili na ya mhifadhi wa TFS wa wilaya yako au ya shamba la miti lililo jirani. Nenda ofisini kwao Mei ukaziombe, hawakunyimi.

Ukipiga usiseme tu "msitu unaungua". Sema uko wapi wewe, moshi uko upande gani, ni mweupe (majani) au mweusi mzito (umefika kwenye miti au kitu cha mafuta), upepo unaupeleka wapi, kuna nyumba au mizinga mbele yake, na njia gani gari linaweza kupita. Ukiweza tuma lokesheni kwa simu.

Zile nukta nyekundu za satelaiti zinaaminika?

Zinaaminika ukijua zinasema nini. Ramani ya NASA inaitwa FIRMS, bure, inafunguka hata kwenye simu ya kawaida yenye intaneti. Inaonyesha sehemu satelaiti iliyoona joto kali, taarifa inafika ndani ya kama masaa matatu. Chombo cha zamani, MODIS, kinaona kwa vipande vya kilomita moja, kile kipya, VIIRS, vya mita 375. Kwahiyo nukta moja sio ukubwa wa moto, ni kwamba ndani ya kile kipande kuna kitu kinawaka. Pia satelaiti haikai juu yako muda wote, VIIRS inapita kama saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku, moto uliowaka saa kumi jioni ukazimwa saa mbili usiku haitauona kabisa, na mawingu nayo yanaficha. Tumia kujua mwelekeo na kukagua asubuhi kama kuna mahali pamebaki, usitegemee kama kengele yako ya kwanza, mtu aliyepo kilimani bado anaishinda.

Na ukiona ramani ya dunia Afrika imejaa nyekundu usishtuke sana. Ni kweli kama asilimia 70 ya eneo linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, lakini sehemu kubwa ni nyasi za savana zinazoota tena mvua ikinyesha. Kinachotakiwa kukuuma ni nukta ikitokea juu ya msitu wa mlimani.

Nataka kwenda kusaidia kuzima. Nivae nini, nisimame wapi?

Soma hili taratibu sababu watu wanakufa, na mara nyingi wanaokufa ni watu wema waliokimbilia kusaidia.

Vaa pamba au jinzi, mikono mirefu, suruali ndefu, viatu vya ngozi au buti. Usivae nailoni, polista, jezi za mpira, wala ndala, nailoni inayeyuka inagandana na ngozi. Kofia, kitambaa cha pamba puani, maji ya kunywa mengi. Mjiandikishe majina kabla ya kuingia na mtu mmoja abaki nje na orodha, ahesabu mnaotoka.

Usisimame juu ya mlima moto ukiwa chini yako. Moto unapanda mlima kwa kasi kuliko unavyokimbia wewe, joto linatangulia linakausha majani ya juu kabla haujafika. Mabonde membamba nayo yaogope, yanavuta moto kama bomba la moshi. Usiende mbele ya kichwa cha moto. Unaanza mkiani, kule moto ulikotoka, unaubana kutoka mbavuni huku na huku, mpaka kichwa kinakuwa chembamba. Kila unaposimama jua njia yako ya kutokea ni ipi, na sehemu salama kuliko zote kawaida ni pale palipokwisha kuungua, peusi. Ukizidiwa ingia kwenye peusi, usikimbie na upepo mbele ya moto.

Vifaa ni matawi mabichi, reki, majembe, makwanja, mapanga, na bomba la mgongoni la kupulizia dawa limejazwa maji, safi, lisiwe na dawa ndani. Hilo bomba watu wanalidharau lakini lita zake 15 au 16 zinafanya kazi kubwa kwenye kumalizia. Kuwasha moto mwingine kwenda kuupokea ule mkubwa waachie wenye uzoefu na wenye amri, nimeona watu wanawasha kila mmoja kwa akili yake na kuwafungia wenzao katikati.

Usiku ni rafiki yenu, upepo unatulia, unyevu unarudi. Mkiweza kuubana ubaki mdogo mpaka saa mbili usiku, mmeshashinda nusu. Kumalizia sasa: visiki vyote vya pembeni vifukuliwe, vimwagiwe maji au udongo, mguse kwa mgongo wa mkono, na mtu alale pale. Siku mbili angalau.

Misindano yangu imeungua. Ndo basi?

Inategemea. Msindano mdogo wa miaka miwili mitatu ukiungua umekwenda, gome lake jembamba, na hauchipui kwenye kisiki. Mikaratusi ni tofauti, kata kisiki vizuri inachipua. Misindano mikubwa angalia sindano za juu, kama kilele bado kijani na moto ulipita chini tu unaweza kupona. Kama imekauka yote usikae nayo, vuna haraka, sababu ndani ya wiki chache ukungu wa bluu unaingia kwenye mbao na wadudu wanatoboa, bei inaanguka. Na madalali watakuja siku ya pili wakijua uko kwenye shida, kwahiyo mliounguliwa uzeni kwa pamoja, msiuze mmoja mmoja.

Msitu wa asili ukiungua si utarudi wenyewe?

Miombo ndiyo, mara nyingi, mizizi yake iko hai chini na inachipua, mradi usiungue tena kila mwaka Oktoba. Machipukizi yakiunguzwa kila mwaka yanabaki kimo cha magoti miaka kumi.

Msitu wa mlimani hapana, au kwa miaka mingi sana. Wa kwanza kuingia ni nyasi na magugu yanayopenda jua, nayo yanakauka kiangazi, kwahiyo mahali ambapo zamani hapakuwaka sababu ya unyevu sasa panawaka kila mwaka, na kila mwaka ukingo wa msitu unarudi nyuma kidogo. Pakiungua hivyo cha kwanza sio kukimbilia kupanda miche siku ya mazingira kwa picha, cha kwanza ni kuhakikisha palipoungua hapaungui tena misimu kadhaa, na ng'ombe wasiingie. Miche ije baadae, ya asili ya pale pale, sio misindano.

Wanaochoma wanakamatwa?

Wachache. Kuchoma msitu ni kosa kwenye Sheria ya Misitu na kwenye Kanuni ya Adhabu pia, ila shahidi yuko wapi? Wote ni ndugu na majirani, nani atamtaja shemeji yake. Pale ninapoona imefanya kazi ni pale kijiji chenyewe kina msitu wake, kinauza mbao au asali kihalali na pesa inajenga zahanati, hapo mtu akichoma amechoma zahanati na majina yanatoka haraka sana.

Sasa hivi ni Mei, nifanye nini wiki hii?

Tembea mpaka wako wote na jirani yako, mkubaliane nani analima mkanda upande gani na lini. Uliza kijiji ratiba ya kuchoma mapema kwenye msitu mnaopakana nao, kama haipo ulizia kwenye mkutano kwa sauti. Chukua namba za simu. Kama kuna warina asali au wachoma mkaa wanaopita kwako kaa nao, waulize wanatumia nini, bomba la moshi la kurinia asali likichangiwa na watu watano sio ghali. Na tenga mabomba ya mgongoni mawili yasiyoguswa na dawa, yaandikwe MOTO, yakae mahali ambapo hata mtoto wa nyumbani anajua yalipo.